Somo: Kupunguza matumizi ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) nyumbani, tukianzia kwenye mita

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, Dar es Salaam. Simu ninayopigiwa kuliko zote ni hii: "Fundi, umeme unakwisha mbio, njoo uangalie mita, imeharibika." Mara nyingi naikuta mita ni nzima. Kinachokula umeme kiko jikoni au bafuni, na mwenye nyumba amehangaika na taa tu. Nimekuta mama anawazimia watoto taa wasisome usiku, balbu yenyewe ya wati 9, huku friji yenye mpira uliochoka inanguruma pembeni mpaka asubuhi. Balbu hiyo ikiwaka kwa muda wa saa nne inakula kama shilingi 13. Iliniuma, ndiyo maana nimeandika somo hili.

Hatua ya 1: Jua uniti moja unainunua bei gani

Uniti moja (kWh) ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Toa risiti au ujumbe wa manunuzi ya mwisho. Wengi wetu wa mijini tuko kundi la T1: shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika kama 356. Elfu kumi inakupa uniti 28 hivi. Walio D1, kundi la watumiaji wadogo, wananunua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100, yaani 122 pamoja na makato. Wakivuka 75, kila uniti inayozidi ni 350, yaani 427.

Ukiona manunuzi ya kwanza ya mwezi yamepungua, usifikiri umeibiwa. Kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida.

Hatua ya 2: Pima

Hapa ndipo penye somo lenyewe, tafadhali usiparuke.

Usoni mwa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa. Karibu yake pameandikwa namba, mara nyingi 1000 au 1600, ikifuatiwa na imp/kWh. Hiyo ni idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Kama yako ni 1000, hesabu mipepeso kwa dakika 6 kisha zidisha kwa 10. Jibu ni wati zinazotumika ndani wakati huo. Kama ni 1600, zidisha kwa 6.25. Walio na mita juu ya nguzo watumie kile kidude cha kuingizia tokeni: andika uniti zilizobaki, subiri saa nzima, soma tena.

Pima kwanza nyumba ikiwa imelala. Chomoa kila kitu kwenye soketi, zima taa zote hadi za nje, ila men swichi uiache imewashwa. Mita itulie. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu: pampu ya maji uliyoisahau, waya wa jirani uliopitishwa kwako, au umeme unavuja. Nyumba moja nilikuta waya wa taa ya choo cha nje umepita kwenye ukuta wenye unyevu, unavujisha kama wati 60 usiku na mchana. Kwa mwezi ni uniti 43, zaidi ya shilingi 15,000 zinazoingia ardhini, na hatari ya mtu kupigwa shoti juu yake. Ukikuta hali hiyo usifungue mita wala kuchokoa waya. Ita fundi mwenye leseni.

Kisha washa kimoja kimoja, upime na kuandika kwenye daftari. Jioni moja inatosha. Utaona mwenyewe kwamba vinavyotafuna ni vile vinavyotoa joto au baridi: hita ya kuogea wati 3,500 hadi 5,500, birika la umeme 1,500 hadi 2,200, pasi 1,000 na kuendelea. Feni haifiki 80. Televisheni ya inchi 32 huwa 40 hadi 60.

Hatua ya 3: Punguza joto la bafuni na la pasi

Hita ya wati 4,500 ukioga dakika 10 inakula uniti 0.75, karibu shilingi 270. Watu wanne wakioga mara mbili kwa siku, mwezi ukiisha ni uniti 180, kama shilingi 64,000. Kwa joto la Dar, maji ya tangi lililo juu ya paa yanatosha miezi mingi ya mwaka. Zima swichi ya hita kabisa, mwenye kuitaka aiwashe kwa makusudi.

Nguo zinyooshwe kwa mkupuo mmoja wa wiki nzima. Anza na zile laini pasi ikiwa bado ya vuguvugu, fuatisha za pamba na jinzi, kisha chomoa umalizie leso na foronya kwa joto lililobaki.

Hatua ya 4: Friji

Friji hailali, kwa hiyo kosa dogo linajirudia saa 24. Bana noti kwenye mlango, ufunge, uivute. Ikitoka bila kushika, mpira umechoka, baridi inatoka. Mafundi wa friji wanabadilisha mpira peke yake, huna haja ya kununua friji. Zungusha noti pande zote nne, kwa sababu mara nyingi upande wa bawaba ndio unaoanza.

Isogeze ikae kama sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na jiko na dirisha la jua. Safisha vumbi la nyavu za nyuma. Barafu ikifika unene wa kidole, yeyusha. Ile namba ya ndani wengi wanaiweka 5 au 7 wakidhani chakula kitakaa zaidi. 2 au 3 inatosha kwa nyumba ya kawaida. Na wali wa moto usiingie humo, acha upoe kwanza.

Mahali umeme unapopanda na kushuka, weka friji gadi. Inaokoa mota kuliko inavyookoa uniti, lakini mota iliyochoka nayo inakula zaidi.

Hatua ya 5: Paa na upepo

Mabati yasiyo na dari yanakufanya uwashe feni tatu au ukakope AC. Weka dari, acha matundu ya hewa kwenye kofia za paa, na ukipaka mabati rangi nyeupe utalala usingizi mwingine. Wazee wa pwani walijenga kuta nene za mawe na dari ndefu, wakayaelekeza madirisha kwenye pepo za kusi na kaskazi. Anayejenga sasa aangalie upepo wa kiwanja chake kabla ya kuchora madirisha.

Balbu: kama bado una zile za kizamani za wati 60, weka LED leo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka fundi, ni kweli kununua umeme wa elfu mbili mbili ni hasara?
Jibu: Kwa T1 hapana dada yangu, bei ya uniti ni ile ile. Kwa D1 angalia jumla ya mwezi. Ukinunua uniti 120 kwa pamoja ili "ukae vizuri", zile 45 za juu umelipia 427 kila moja. Bora ungesubiri mwezi mpya.

Swali: Tuko wapangaji sita, mita moja. Mimi nina taa mbili na redio, nachangia sawa na mwenye friji.
Jibu: Unaonewa, na hesabu ya mipepeso itakusaidia kuonyesha bila ugomvi. Mwombeni baba mwenye nyumba afunge mita ndogo kila chumba, gharama mgawane. Jueni pia kwamba sita mkijumlishwa mnapita uniti 75 kwa urahisi, kwa hiyo nafuu ya D1 hamtaipata mpaka kila mmoja awe na LUKU yake.

Swali: King'amuzi nakizima kwa rimoti kila usiku. Inatosha?
Jibu: Haitoshi. Vingi vinaendelea kula wati 10 hivi, sawa na uniti 7 kwa mwezi. Zima kwenye soketi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Mombasa, haya yananihusu?
Jibu: Marahaba mwanangu. Kupima ni kule kule. Bei ndiyo tofauti: kwenu nafuu ni kwa wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, na nyongeza ya mafuta na ya fedha za kigeni hubadilika kila mwezi, kwa hiyo gawanya shilingi kwa uniti kila unaponunua tokeni.

Swali: Mume wangu amekataa jiko la presha la umeme, anasema litamaliza LUKU. Mkaa nanunua kila siku.
Jibu: Mwambie mpime pamoja. Mimi nusu kilo ya maharage yaliyolala kwenye maji ilinilia uniti 0.3, kama shilingi 107. Loweka usiku, funga kifuniko vizuri, yakiiva zima uyaache dakika 15 humo humo yajimalize. Andikeni uniti kabla na baada, kisha muweke pembeni bei ya mkaa mnaotumia kwa sufuria hiyo hiyo.