Masoso ya nafaka nzima: kutoka soko la Kadutu hadi kikombeni

Wamama wa likelemba letu, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, hapa Bukavu wameniomba niandike ninavyotengeneza masoso nyumbani, yaani unga wa uji wa mahindi, soya na mtama. Unga wa kununua, hata ukiwa na mfuko mzuri, mara nyingi mahindi yake yamekobolewa. Pumba na kiini vimekwenda kwa nguruwe, na humo ndimo mlimokuwa na nyuzinyuzi, vitamini za B, madini ya chuma na zinki. Sisi tumebakiwa na wanga.

1. Kununua

Makopo 2 ya mahindi, 1 la mtama, 1 la soya. Mtama uwe mweupe. Ule mwekundu wa kutia kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, una ukakasi, na ukakasi huo huzuia mwili kufyonza chuma. Punje zenye ukungu ziache hapo hapo mezani kwa muuzaji, kwa kuwa sumu ya aflatoksini haiishi kwa kuosha, kusaga wala kupika.

2. Kupepeta na kuosha

Ungo mnaujua. Mtama una changarawe nyingi, usikimbie.

3. Kukausha

Hapa ndipo wengi hupoteza unga wote. Nafaka ikifika mashini ingali na unyevu, unga hutoka mzuri tu, kisha baada ya siku chache unashikana mabonge na kunuka. Toka Septemba hadi Mei mvua yetu haina saa, kwa hiyo "anika siku mbili" si kipimo. Kuuma punje kwa meno nako sikuamini: hindi hulia ka! kwa nje, ndani bado bichi.

Tumia chumvi. Ikaushe kwenye sufuria juu ya mbabula (jiko la makaa), iache ipoe. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa na yenye kifuniko, jaza nafaka hadi robo, tia vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi kama asilimia 15: rudisha juani. Ikianguka yote chini, twende.

Pima mahindi peke yake na mtama peke yake, maana mtama hukauka mapema na utakudanganya. Punje za kupima zitoke katikati ya turubai, si pembeni. Na usianike kwenye udongo mtupu hata kama jirani anafanya hivyo. Siku ya mawingu mazito usioshe kabisa; pepeta, chagua, ngoja. Kama umeshaosha na jua limekataa, tandaza ndani penye upepo, geuza mara kwa mara, halafu malizia kwa moto mdogo sana kwenye sufuria pana.

4. Kukaanga

Soya lazima: ikiwa mbichi huzuia tumbo kusaga protini. Kaanga hadi maganda yapasuke na harufu ya karanga itoke. Mtama si lazima, lakini mimi huukaanga kidogo. Utamu wote wa masoso uko hapo.

5. Mashini

Mwambie msagaji mapema: "Usikoboe." Nenda baada ya mtu wa mahindi, usifuate aliyesaga muhogo, la sivyo utapata unga wake ndani ya wako. Soya ichanganye na nafaka kabla ya kumwaga. Ikisagwa peke yake mafuta yake huziba chekecho na foleni nzima itakugombeza. Unga hutoka wa moto, utandaze upoe kabla ya kufunga. Saga wa wiki mbili tu, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha.

6. Kupika

Koroga unga kwa maji baridi kwanza, kisha mimina kwenye maji yanayochemka. Bukavu iko kama mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, kwa hiyo dakika kumi hazitoshi. Acha 25, koroga hadi chini. Ukiepua, kamulia ndimu: husaidia chuma kufyonzwa. Chai inywe saa nyingine, si pamoja na uji huu. Sukari sitii tena. Ndizi mbivu iliyopondwa inatosha, na watoto hugombania ukoko.