Vitofali vya nailoni na mchanga: namna ya kuvitengeneza na mahali pa kuvitandika

Masika yakishika Dar es Salaam, nyumba nyingi za uswahilini huanza kuharibikia chini. Maji ya paa yanadondoka kwenye udongo mtupu, yanarusha tope ukutani, plasta inabanduka, na udongo unachimbika mpaka msingi unabaki wazi. Bati linaweza kuwa zima kabisa, halafu nyumba ikawa inaliwa miguuni.

Hapo ndipo kitofali cha plastiki na mchanga kinapofaa: kuizunguka nyumba, njia ya kuingilia, sehemu ya kufulia, sakafu ya bafu la nje. Nalisema hili mapema kwa sababu mitandaoni kuna picha za nyumba nzima zilizojengwa kwa plastiki, kuta mpaka dari. Mimi sishauri. Plastiki hainywi maji, lakini inaungua, na uswahilini tunapikia mkaa kibarazani na mtungi wa gesi uko chumbani. Tandika kitofali hiki pale maji yanapofika na moto haufiki. Hata Nzambi Matee wa Nairobi, ambaye Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtuza mwaka 2020 kwa kazi ya kampuni yake ya Gjenge Makers, sifa yake ilitokana na vitofali vya kutandika chini.

Hatua ya 1: Tafuta nailoni, si kila plastiki

Waokota chupa wametutangulia sote mitaani, ila wao wanafuata chupa za maji kwa sababu zina bei. Nailoni, yaani plastiki laini ya mifuko na ya kufungashia, wanaiacha, na ndiyo inayoziba mitaro. Mifuko ya kubebea, ile ya rambo, ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini nailoni za kufungashia bidhaa zipo tele. Iliyo bora kuliko zote ni ile inayobana katoni za maji ya chupa na soda: safi, kavu, ya aina moja. Maduka ya jumla wanaitupa kila siku. Kariakoo kuna nailoni za kufungia marobota ya nguo. Wauza magodoro wana mifuko mikubwa. Ongea na wenye maduka wakuwekee kwenye kiroba chao kabla haijafika jalalani. Nailoni iliyookotwa dampo utaosha siku nzima na bado utakuwa unauziwa tope kwa kilo.

Usichanganye humo chupa za maji: zinayeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi, wakati nailoni yako inalainika kwenye 110 tu. Ukizilazimisha, nailoni itaungua kabla chupa hazijalegea. Viroba vya unga na mchele navyo viweke pembeni, vinahitaji zaidi ya 160 na havishikani vizuri na nailoni. Sahani nyeupe za povu na pakiti za krispu zenye rangi ya fedha kwa ndani, acha.

Ya kuogopa hasa ni PVC. Hii ndiyo mabomba ya maji, ngozi za waya za umeme, vitambaa vya meza vya plastiki na zulia la plastiki la sakafuni. Ikipata joto inatoa gesi ya tindikali inayochoma macho na mapafu. Huna haja ya maabara kuitambua. Kata kipande kidogo, kizamishe kwenye ndoo ya maji yenye sabuni kidogo, kiminye kitoe mapovu, kisha kiachie. Nailoni inaelea. PVC inazama, na chupa ya maji inazama. Ukibaki na shaka, chukua waya wa shaba uliochunwa, uchome mpaka uive, uguse ile plastiki, urudishe motoni ukiwa nje penye upepo. Mwali ukigeuka kijani, hiyo kitu usiitie kwenye pipa lako.

Hatua ya 2: Osha, kausha, katakata

Osha vumbi na mafuta, anika mpaka ikauke kabisa, katakata vipande vya kiganja. Ondoa stika na gundi ya karatasi. Basi.

Hatua ya 3: Mchanga

Nunua mchanga laini wa kawaida wa plasta. Usichote ufukweni; aliyeona bahari ilivyokula ardhi Kunduchi anaelewa kwa nini. Chekecha kwa matundu yasiyozidi milimita 5, kisha uanike juu ya bati juani mpaka usishikamane mkononi. Mchanga wenye unyevu ukikutana na nailoni ya moto unatoa mvuke unaorusha matone usoni, na kitofali kinatoka na vishimo ndani.

Hatua ya 4: Vyombo

Gerezani au kwa fundi yeyote mzuri wa kuchomelea utapata karibu kila kitu. Unahitaji nusu pipa la chuma lenye mfuniko na miguu, chepe la mpini mrefu, na kalibu za chuma cha milimita 5 au 6, ndani zikiwa na sentimita 20 kwa 10 kwa 6. Mwambie fundi aache mdomo wa kalibu uwe mpana kidogo kuliko chini, la sivyo utagonga nyundo mpaka uchoke. Kwa kushindilia, fremu ya chuma na jeki ya lori vinatosha. Pipa lililobeba petroli au kemikali usilikate hata kama limeonekana tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche moja.

Kinga yako: gambuti, glavu ndefu za ngozi, miwani, nguo za pamba za mikono mirefu (jezi za michezo zinayeyukia mwilini), na barakoa yenye vichujio vya kaboni. Ile ya hospitali inazuia vumbi, gesi inapita. Usibane hela hapa.

Nunua pia kipimajoto cha kuelekeza, kile cha bastola. Ndicho kinachotofautisha kazi hii na kuchoma takataka.

Hatua ya 5: Kuyeyusha

Fanyia mahali pa wazi, mbali na madirisha ya watu. Angalia upepo kabla ya kuwasha: kusi na kaskazi haziendi upande mmoja, kwa hiyo pale palipokuwa salama Julai panaweza kumpelekea jirani moshi Januari. Weka karibu ndoo mbili za mchanga mkavu. Maji yasiwepo hapo kwenye moto, plastiki iliyoshika moto ukiimwagia maji inalipuka na kusambaa. Ikiwaka, funika kwa mfuniko, ondoa moto chini, mwagia mchanga.

Uwiano ninaoupenda ni robo nailoni na robo tatu mchanga, kwa uzito, upime kwa mizani. Anza na mafungu madogo: kilo 5 za nailoni kwa kilo 15 za mchanga.

Wengi wanayeyusha nailoni kwanza kisha wanatia mchanga. Mimi nageuza. Natia mchanga wote kwenye pipa, naupasha mpaka kipimajoto kisome 160 hadi 180, ndipo naongeza nailoni kidogo kidogo huku nikigeuza kwa chepe. Kwa njia hii nailoni haikai juu ya chuma chenye moto mkali. Inapokea joto la mchanga, inalegea na kujipaka kwenye chembe. Mchanga wa baridi nao, ukitiwa juu ya nailoni iliyoyeyuka, unaigandisha mabonge ambayo hutayavunja tena.

Geuza bila kuacha. Moto uwe wa wastani, gesi ni rahisi kuitawala kuliko kuni. Utajua imeiva pale mchanganyiko unapokuwa mzito kama ugali, unang'aa kidogo, na huoni kipande cha nailoni wala mchanga mkavu. Harufu ya nta ni kawaida. Moshi wa buluu au mweupe mzito maana yake umepitiliza: toa moto, endelea kugeuza. Ukishavuka 200 unaharibu nailoni yenyewe, na kitofali kitatoka kinamomonyoka.

Rangi. Nailoni isiyo na kinga inaliwa na jua, na jua la Dar halina huruma: uso unapauka, unapasuka, kisha unameguka vipande vidogo vinavyokwenda mtaroni na mvua. Unga mweusi wa kaboni, gramu 20 hadi 30 kwa kila kilo ya nailoni, unazuia hilo kwa kiasi kikubwa. Rangi nyekundu na za kijani zinapendeza wateja lakini nyingi hazilindi chochote.

Hatua ya 6: Kushindilia

Paka kalibu oili kidogo. Jaza haraka, kanyagia pembeni kwa kipande cha chuma ili kona zishibe, weka kifuniko na kaza jeki. Usiachie mapema. Plastiki ikipoa inasinyaa, na isipobanwa wakati huo kitofali kinajikunja na katikati kinabaki na tundu usiloliona. Uso ukishakuwa mgumu, zamisha kalibu yote kwenye maji. Kikipoa kitajiachia chenyewe, kwa sababu hiyo hiyo ya kusinyaa.

Hatua ya 7: Kupima

Kitofali cha kipimo hiki kilichoshindiliwa vizuri kina karibu kilo 2. Kikipungua sana, kina hewa ndani. Kivunje kimoja kwa nyundo katika kila fungu utazame tumbo lake: chembe zote ziwe zimepakwa, bila mapovu, bila michirizi ya mchanga mtupu. Kingine kipime, kilaze kwenye maji usiku kucha, kifute, kipime tena. Uzito ukipanda kwa dhahiri, mchanga wako haukufunikwa.

Ukitaka kuuza, nyundo haitoshi. Peleka sampuli maabara ya vifaa vya ujenzi zikapimwe kwa mashine, zungumza na TBS (Shirika la Viwango) kuhusu ubora na NEMC (Baraza la Mazingira) kuhusu kukusanya na kuchakata taka. Ofisi ya serikali ya mtaa iwe imejua kabla hujawasha moto, maana malalamiko ya moshi yataanzia hapo. Kazi ikikua, achana na pipa. Mashine ya parafujo inayoyeyusha kwa joto linalodhibitiwa inatoa moshi mdogo na vitofali vinavyofanana. Vingunguti kwenye eneo la SIDO, shirika la viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia mashine.

Hatua ya 8: Kutandika

Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibiwa. Kitofali kinaweza kuwa chuma, ukikilaza juu ya tope kitazama.

Mita moja ya mraba inataka vitofali 50, yaani kama kilo 25 za nailoni. Kwa ukanda wa kuizunguka nyumba, upana uzidi ukingo wa bati kwa angalau sentimita 30, ili matone yaangukie kwenye vitofali na yasirukie ukutani. Chimba sentimita 20 hivi, jaza kifusi cha matofali na zege la zamani, shindilia kwa tabaka, mwagia maji, shindilia tena. Juu yake sentimita 3 hadi 4 za mchanga uliosawazishwa kwa ubao. Tumia kamba na pimamaji: uso ushuke sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Ukikosea mwelekeo, umeutengenezea ukuta bwawa.

Acha nafasi ya milimita 3 kati ya kitofali na kitofali. Plastiki inatanuka na joto kuliko saruji, na kitofali cheusi saa nane mchana wa Februari kinachoma nyayo. Vikibanana, vitainuka katikati. Nafasi hizo zijaze mchanga mkavu kwa ufagio, usizijaze saruji. Saruji haishiki kwenye nailoni. Itakatika na kutoka vipande vipande. Kwa sababu hiyo hiyo, usimkubalie fundi anayetaka kuvipanga ukutani kwa udongo wa saruji kama tofali za kawaida.

Pembeni weka kizuizi cha zege kilichozama ardhini. Usikiruke. Kitofali hiki kinazama kwenye maji, lakini ni chepesi kuliko cha saruji, na kikiwa chini ya maji kinabaki na uzito mdogo sana wa kujishikilia. Maji yenye kasi yakipata ukingo ulio wazi yatakibeba kimoja, kisha vyote. Kwa wenzetu wa Jangwani na kandokando ya Msimbazi, ambako mto wenyewe unaingia ndani, kazi hii haiwezi kuyazuia mafuriko na sitaki mtu auziwe tumaini hilo. Inafaa kwa maji ya mvua ya paa na ya uwanja.

Maji yakitoka kwenye ukanda yaende wapi? Mpe jibu hilo jirani yako kabla hujamaliza, chimba kamtaro kapeleke kwenye mtaro wa mtaa, na ujue hautakuwa na nailoni ya kuuziba ikiwa unaziokota za mtaani kwako.

Baada ya mvua za kwanza kubwa, pita ukijaza mchanga kwenye nafasi zilizobaki wazi na kuinua vitofali vilivyotitia: vitoe, ongeza mchanga chini, virudishe. Vilivyovunjika vikatekate uvirudishe kwenye pipa, visizidi sehemu moja ya kumi ya fungu jipya. Kuwasha moto wa nyama choma juu ya ukanda ni marufuku, na majivu ya jiko yamwagwe kwingine.