Umejaza sloti zote nne za RAM na kompyuta imegoma? Anza hapa

RAM mbili za DDR5 zilikuwa zinakwenda vizuri kwa kasi ya 6000 (MT/s, kipimo cha kasi zote za hapa). Umeongeza nyingine mbili za aina ileile, umewasha, na skrini imebaki nyeusi. Au Windows imefunguka, lakini kasi inasomeka 3600. Usizirudishe dukani bado, kwa sababu mara nyingi RAM zenyewe ni nzima na kikwazo kiko kwenye prosesa.

Madabodi ya kawaida yenye sloti nne ina chaneli mbili tu za RAM, yaani njia mbili za data kati ya RAM na prosesa. Ukijaza sloti zote, kila chaneli inabeba RAM mbili, mawimbi yanachafuka, na prosesa inalazimika kupunguza kasi. AMD wameliandika hili waziwazi: Ryzen 7000 inakubali 5200 kwa RAM mbili, zikiwa nne ni 3600. Ile 6000 ya kwenye boksi ni kasi ya ziada inayowashwa kwa EXPO (ya AMD) au XMP (ya Intel), mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM zenyewe, na hakuna aliyekuahidi kwamba itafanya kazi kwa RAM nne.

Hatua ya 1: Subiri. Ukibadilisha RAM za DDR5, madabodi huzipima upya kabla ya kuonyesha chochote. RAM zikiwa nne na kubwa, kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Taa ya DRAM ikiwaka, iache. Mimi husubiri robo saa kamili; anayezima na kuwasha kila dakika anairudisha kazi mwanzo.

Hatua ya 2: Rudi kwenye RAM mbili. Bado nyeusi? Zima, chomoa waya wa umeme, kisha futa mipangilio ya BIOS (programu ya msingi ya madabodi) kwa pini za CMOS zilizo kwenye madabodi au kwa kutoa betri ya CR2032 kwa muda. Weka RAM mbili za mwanzo kwenye A2 na B2, ambazo kwa madabodi nyingi ni sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ikiwaka, sasisha BIOS sasa hivi, maana matoleo mapya ya madabodi za AM5 (soketi ya Ryzen 7000) yameboresha sana namna ya kushughulikia RAM nne. Tumia UPS: umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, unaweza kupoteza madabodi.

Hatua ya 3: Jaribu jozi ya pili peke yake, kwenye sloti zilezile. Fungua CPU-Z, programu inayosoma taarifa za kompyuta, sehemu ya SPD (taarifa za kila RAM), ulinganishe jozi zote mbili. Namba ya bidhaa inaweza kufanana huku chipu za ndani zikitoka kwa watengenezaji tofauti, hasa kama hukuzinunua pamoja.

Hatua ya 4: Weka zote nne, EXPO ikiwa imezimwa. Chagua 3600 kwa mkono kwenye BIOS. Ikisimama imara, panda 4000, 4400, 4800, ukipima kila ngazi kwa MemTest86, programu ya kutafuta makosa ya RAM. Hapa ndipo watu wengi hukosea: Windows ikifunguka tu, wanaona kazi imekwisha. RAM isiyo imara huharibu mafaili kimyakimya, na picha za familia au hesabu za duka zinaweza kuwa zimeharibika muda mrefu kabla hujagundua. Kosa moja tu kwenye kipimo linatosha kukurudisha ngazi moja chini.

Ukisoma kasi kwenye CPU-Z, zidisha mara mbili. 1800 pale ni 3600 ya kwenye BIOS.

Hatua ya 5: Volti, kwa tahadhari. Kuongeza kidogo volti ya SoC (inayolisha kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa) husaidia wakati mwingine, lakini kwenye AM5 usivuke volti 1.3. AMD waliweka kikomo hicho mwaka 2023 baada ya baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D kuungua. Kama ngazi inahitaji zaidi ya hapo, iache.

Ukifika hapa na kasi imegota chini, angalia kazi yako. Anayehariri video nzito au kuendesha mashine pepe kadhaa atafaidika na 128GB (nne za 32GB) hata kwa 3600. Kwa michezo na kazi za ofisi, kama zako ni nne za 16GB, ningeziuza na kununua mbili za 32GB: ukubwa unabaki 64GB, na 6000 unaipata tena kwa kuwasha EXPO.