Kuingiza molekuli ndogo kwenye seli hai kwa mapigo ya umeme

Kutoboa utando wa seli kwa umeme si kazi. Kazi ni utando ujizibe tena seli ikiwa hai. Ndiyo maana hapa, tunapoingiza propidiamu ayodaidi kwenye seli za CHO (za ovari ya hamsta wa Kichina), kila volteji inahitaji sampuli mbili. Rangi hii haipenyi utando usio na matundu. Ikishika DNA au RNA hung'aa nyekundu. Vaa glavu, kwani DNA yako nayo inashikika.

Bandua seli kwa tripsini (kimeng'enya cha kuzibandua kwenye chombo), kisha zioshe mara mbili kwa bafa (myeyusho wa kutuliza pH) ya sukrosi milimola 250, fosfeti milimola 10 na magnesi kloridi milimola 1, pH 7.4. Midia ya kukuzia haifai: chumvi yake hupitisha mkondo mkubwa, sampuli ikachemka au cheche ikalia "pa!" na kazi ikaishia hapo. Viputo navyo huleta cheche, kwa hiyo gongagonga kuveti (kichupa chenye elektrodi mbili) kwanza.

Tia seli milioni 1 ndani ya mikrolita 200 kwenye kuveti yenye nafasi ya milimita 2 kati ya elektrodi. Sampuli ya kwanza iwe na rangi, mikromola 100, kabla ya pigo: molekuli ndogo husambaa zenyewe kupitia matundu, na matundu hayasubiri. Piga mapigo 8 ya mikrosekunde 100, moja kila sekunde, kwa volti 200, yaani volti 1000 kwa sentimita. Seli ya kipenyo cha mikroni 13 itapata kama volti 1 kwenye utando unaoelekea elektrodi. Seli ndogo hutaka zaidi, hivyo usiazime volteji ya seli nyingine.

Iache dakika 10 bila kuivuta kwa pipeti. Utando bado ni dhaifu. Usiiweke kwenye barafu, baridi huchelewesha kuziba.

Sampuli ya pili ipige bila rangi, ikae dakika 30 kwenye nyuzi 37, ndipo utie rangi. Zinazong'aa sasa zimeshindwa kujiziba. Toa asilimia yake kwenye asilimia ya zinazong'aa katika sampuli ya kwanza, ubaki na zilizopokea na kupona. Hesabu pia jumla ya seli, maana zilizopasuka kabisa hazionekani na hulipamba jibu.

Rudia kwa volti 80, 120, 160, 240 na 280, pamoja na sampuli isiyopigwa. Hiyo isiyopigwa ikiwaka sana, huenda kosa ni la tripsini.