Namna ya kumfikia mwakilishi wako: mwongozo kwa mkazi wa Arusha

Mkazi wa Arusha anayetaka mtaro wa mtaani kwake uzibuliwe hupitia mikononi mwa viongozi wengi, na mara nyingi huchoka kabla hajatambua ni yupi kati yao aliyechaguliwa kwa kura yake na ni yupi aliyeteuliwa au kuajiriwa. Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais, na Mkurugenzi wa Jiji vilevile. Hao wana mamlaka makubwa, lakini hawawakilishi wakazi. Wawakilishi ni mwenyekiti wa mtaa, diwani na mbunge, na ndio wanaohusika na mwongozo huu.

Anza kwa kuhakikisha unaishi katika halmashauri ipi, kwa maana mpaka wa jiji hauonekani kwa macho. Mtu wa Ilboru huweza kushuka mjini kwa miguu kila asubuhi, ilhali kata yake iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na mbunge wake ni wa jimbo la Arumeru Magharibi. Mwenzake wa Ngarenaro au Kaloleni yuko ndani ya Jiji, katika jimbo la Arusha Mjini. Ukikosea hapa, barua yako itazunguka katika ofisi zisizohusika.

Baada ya hapo, nenda ofisi ya mtaa ukajitambulishe, hata kama huna shida yoyote siku hiyo. Utawakuta mwenyekiti, ambaye wakazi walimchagua, na mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri na ndiye mtunza kumbukumbu. Usiwachanganye hao na balozi wa nyumba kumi, ambaye wazee wengi bado humwendea kwanza: tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, huyo ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Shida ya mtaro ipeleke kwenye mkutano mkuu wa mtaa, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na usiondoke kabla hujahakikisha kwamba hoja yako imeandikwa katika muhtasari. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa sababu neno lililosemwa dukani au msibani halimfungi kiongozi yeyote, lakini hoja iliyo katika muhtasari hupanda nao ngazi kwa ngazi.

Kutoka mtaani hoja hufika kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe. Diwani ndiye anayeibeba hadi Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo ya mwaka na ambalo pia lina madiwani wanawake wa viti maalum, pamoja na mbunge wa jimbo. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe miongoni mwao, kwa hiyo mkazi hampigii kura moja kwa moja. Hoja inayohitaji fedha ifike mapema, kabla bajeti ya mwaka unaoanza tarehe 1 Julai haijafungwa. Tena, mitaro ya barabara nyingi za mitaani iko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na barabara kuu ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania). Mwombe diwani aulize barazani kuhusu utekelezaji wa kazi hiyo badala ya kumdai aizibue mitaro mwenyewe.

Mbunge mwendee kwa jambo linalohusu sheria, wizara au mgawo wa bajeti ya taifa. Kuna pia Bunge la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako hapa hapa Arusha, ingawa mkazi wa jiji hana kura ya kuwachagua wajumbe wake: Tanzania hupeleka 9, na huchaguliwa na wabunge wa Bunge la Tanzania kule Dodoma.

Limebaki suala la kuwachagua hao wanaochaguliwa, nalo lina mtego. Diwani, mbunge na Rais huchaguliwa siku moja kila baada ya miaka mitano, kwa kutumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa katika uchaguzi mwingine, unaotangulia kwa takriban mwaka mmoja. Wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Orodha yake huandikwa upya katika mtaa husika kwa siku chache tu, na kadi ya mpiga kura uliyo nayo nyumbani haikuingizi humo. Aliyehama kutoka Sombetini kwenda Muriet na hakujiandikisha huko ataishi miaka mitano chini ya mwenyekiti ambaye hakupata nafasi ya kumpigia wala kumnyima kura, ingawa mlango wa mkutano mkuu wa mtaa bado uko wazi kwake.