Namna ya kufungulia depite wako wa provensi kaye: alitokea wapi, aliingia namna gani, anafanya nini

Bandugu, kila mara uchaguzi ikipita naonaka batu ya huku kwetu Lubumbashi, Kongo (RDC), banasahau majina ya badepite (wabunge) mbio kuliko vile banasahaulaka deni. Uliza mutu mu komini ya Katuba ao komini ya Kenya "depite wako wa provensi ni nani?", atakutajia depite wa Kinshasa, ao gavana, ao mutu aliyegawaka sukari na batisheti wakati wa kampanye lakini hata hakuingiaka. Miye nilianza kubafungulia kaye tangu 2018, daftari ya masomo tu, kila depite na ukurasa yake, na leo nataka nibaonyeshe namna nafanyaka, juu haiombe uwe avoka, inaomba kalamu, telefone ya kupigia picha, na roho ya kungojea.

Kwanza ujue unafuata nani. Depite wa taifa anaenda Kinshasa, depite wa provensi anakaa hapa, ku Bâtiment du 30 Juin, ile nyumba ya teatre ya zamani. Katiba ya 18 Februari 2006, kipengele 197, inasema anachaguliwa na batu moya kwa moya, kura ya siri, manda ya miaka 5, na anaweza kurudi tena na tena. Lakini mu chumba ile ile kuko bengine wenye hatukubapigia kura: ni machefu ya kimila banaoingia kwa njia ya koptasio (bila kura ya batu), na hawawezi kupita moya juu ya kumi ya Asamble (bunge la provensi) yote. Yao ukurasa iandike tofauti, usitafute kura zabo, hautaziona.

Kingine batu banachanganyaka: hakuna "depite wa Katuba" ao "depite wa Ruashi", hata kama mwenyewe anajiita vile ku afishi. Haut-Katanga, provensi yetu, iko na miji 2, Lubumbashi na Likasi, na teritware 6, Kambove, Kipushi, Sakania, Kasenga, Mitwaba na Pweto. Kila moya ni sirkonskripsio (jimbo la uchaguzi) yake, na muji wetu na komini zake 7 zote ni sirkonskripsio moya. Ule mutu aliokota kura kuanzia Kamalondo mpaka Annexe, kwa hiyo hata weye wa Kampemba uko na haki ya kumuuliza, asikutume kwa mwengine.

Ku mustari wa kwanza wa ukurasa andika jina lote, parti ao mukusanyo wa maparti uliomuleta, namba yake ku mashini, na CHINI YAKE majina ya sipleanti wake, njo benye kushika kiti chake kama anatoka. Batu mingi banarukaka hii ya sipleanti, nitarudia kwake, usiiruke.

Sasa tufike ku kura, hapa njo kuko utamu na hapa njo kuko makelele. Kisha kuhesabu, kila biro ya kupigia kura inapashwa kubandika fishi (karatasi) ya matokeo inje. Ipige picha usiku ule ule, usingoje asubui. Desemba 2023 nilikuwa ku masomo moya huku kwetu, mvua inanyesha, fishi ilibandikwa ku mulango wa darasa, maji ikawa inaingilia pa juu na wino ya safu ya kwanza ikaanza kushuka juu ya safu ya pili, namba 7 ikageuka kitu hata 1 hata 9 haikuwa. Mama mumoja, shahidi wa parti fulani, akaniangazia na telefone yake, akaniambia "baba soma pole pole, karatasi yangu imeloa, niandike ku mukono", na aliandika kweli, kuanzia mukono mupaka karibu na kiko, na biki. Kesho yake asubui ile fishi ilikuwa imekuwa kitambaa. Picha yangu na mukono ya ule mama njo bilibakia.

Lakini kura mingi haitoshi, na hii njo kitu inapiganishaka batu mu mafamilia. Yaya yangu mumoja (ndugu mukubwa) alisimamaka 2018, akapata kura kupita mutu mwenye aliingia, tukalia wiki muzima kama bamemuiba. Kisha nikakaa na kaye. Kumbe sheria ya uchaguzi, ile ya 2006 vile ilibadilishwa 2017, iko na kizingiti: lisiti (orodha ya bakandida ba parti) ambayo haifike 3% ya kura za provensi muzima kwa uchaguzi wa badepite wa provensi haigawiwe kiti hata kimoya, na kura zake zinakufa. Yaya alikuwa na nguvu yeye, parti yake haikuwa na nguvu Pweto, Sakania wala Kasenga. 2022 bakaongeza ingine: parti ikileta bakandida benye hawafike 60% ya biti byote binatafutwa, lisiti zake zinakataliwa hata mbele ya kampanye kuanza. Kwa hiyo mutu akikuambia "nitasimama na kaparti kangu kadogo", muulize mahesabu mbele ya kumuahidi kura.

Lisiti zenye zimepita kizingiti zinagawana biti namna hii, natoa mufano wa kujitungia tu. Tuseme biti ni 5, kura za hizo lisiti pamoja ni 100,000. Gawanya: kiti kimoya ni kura 20,000. Lisiti A iko na 47,000, inapata 2 na inabakiza 7,000. Lisiti B iko na 31,000, inapata 1 na inabakiza 11,000. Lisiti C iko na 22,000, inapata 1 na inabakiza 2,000. Biti 4 bimetoka, cha tano kinaenda kwa mwenye mabaki makubwa, njo B. Sasa mu kila lisiti banaingia benye kura mingi ya kwabo benyewe. Unaona vile mutu wa tatu wa A anaweza kuwa na kura zake 9,000 akabakia inje, na wa pili wa B akaingia na 4,000? Hakuna mwizi hapo, ni mahesabu. Wizi nayo ikoko, ila inatafutwaka fasi ingine, ku tofauti kati ya fishi ya mulangoni na ile inatoka ku santre ya kompilasio (fasi ya kujumlisha kura), na njo maana nilisema picha usiku ule ule.

Mbele ya kuandika jina la aliyeingia, tumia krayo, usitumie biki. Matokeo ya kwanza ni ya muda. 5 Januari 2024 CENI, tume ya uchaguzi, ilifuta kwa mara moya bakandida 82 inchi muzima juu ya udanganyifu, bamoya bao bakubwa bakubwa, na batu benye balikuwa bamekwisha kucheza ngoma pa parseli bakarudisha makiti ya kukodi. Kisha kuko kesi, na kesi ya depite wa provensi haiendake ku Korti ya Katiba kama ya depite wa taifa, inaanzaka ku korti ya apeli ya hapa kwetu, na inaweza kupanda mpaka Conseil d'État, korti kubwa ya mambo ya utawala, Kinshasa. Kiti kinaweza kuhama miezi mingi kisha mutu kuapa. Nilifuta majina mu kaye mpaka karatasi ikatoboka.

Haya, ameingia. Batu banafikiri kazi inaanza na barabara. Hapana. Kura yake ya kwanza ya uzito ni ya kuchagua basenatere 4 wa provensi, na gavana pamoja na gavana musaidizi. Weye ulipiga kura moya Desemba, yeye anapiga yako na ya makumi elfu ya benzako mu dakika mbili. Moïse Katumbi alifikaka gavana wa Katanga 2007 kwa njia hiyo, kura za badepite. Na hiyo njo fasi makuta (pesa) inazungukaka, haiko siri: Machi 2019, kisha uchaguzi wa basenatere, Rais Tshisekedi alisimamisha kwanza kuwaingiza mu kazi juu ya malalamiko ya rushwa, na uchaguzi wa magavana ukasukumwa, baadaye mambo ikaendelea. Kura ni ya siri, hautajua aliweka jina gani. Njo maana miye mu kaye siandikake "alikula". Naandika: tarehe fulani, radio fulani, alisema anaunga mukono fulani. Ukiandika kitu haukuona, siku moya kaye yako itakuletea convocation (karatasi ya kuitwa kujibu), na zaidi utakuwa umemupa sababu ya kutupa na zile zenye ni kweli.

Anaweza kuangusha gavana pia. 2017 Asamble ya Haut-Katanga ilimuangusha gavana Jean-Claude Kazembe kwa mosio (kura ya kumutoa), na mutu alikuwa amechaguliwa 2016 na badepite bale bale. Siku za mosio njo siku za kufuata majina karibu sana: nani alitia sinyatire, nani aliitosha kesho yake.

Kisha kuko kazi ya kila siku. Kuko sesio mbili za kawaida kwa mwaka, ya Machi na ya Septemba, na ya Septemba njo ya budje. Sheria ya Asamble inaitwa edi. Usihesabu mara ngapi depite wako alionekana ku televizio, hesabu: alileta edi ngapi, aliuliza bwana minisita maulizo ngapi ya kusema ao ya kuandika, alikuwa mu komisio gani, na siku ya kupitisha budje alisema nini. Plenere (vikao vya badepite bote) ni za wazi kwa kawaida, unaweza kwenda kukaa kule ku tribini na kaye yako, vaa muzuri kidogo, zima telefone. Mara ya kwanza nilienda nilizani nitakuta vita, nikakuta nusu ya makiti haina mutu na bwana mumoja analala, mikono juu ya tumbo kama mutu ametoka kukula bukari. Nikaandika saa.

Na kuandika saa haiko uchokozi. Katiba kipengele 110, chenye kinafanya kazi hata kwa badepite wa provensi, kinasema mutu akikosa bila sababu na bila ruhusa zaidi ya robo ya masiku ya kikao mu sesio moya, manda yake inakwisha. Kipengele hicho hicho kinasema mwenye kutoka mu parti yake kwa kupenda kwake anahesabiwa kama ameacha kiti. Sasa unaelewa juu ya nini hausikiake depite anasema "nimetoka mu parti". Anasemaka "niko na mawazo yangu, lakini niko paka mu nyumba". Andika siku alianza kusema vile, mara mingi siku tatu mbele ao kisha kuko kura ya kitu fulani.

Sipleanti sasa. Serikali ya provensi haipite baminisita 10, na gavana anapendaka kuchota mu Asamble. Depite akifanywa minisita, manda yake inasimama, sipleanti wa kwanza anaingia pa fasi yake, na siku minisita anafukuzwa anarudilia kiti chake na sipleanti anarudi nyumbani. Kwa hiyo unaweza kuwa na depite ambaye uso wake haukuionaka ku afishi hata moya. Geuza ukurasa, mufungulie yake.

Miaka nayo usiiamini kwa macho. Badepite benye balichaguliwa 29 Oktoba 2006 kwa miaka 5 balikaa mpaka mwanzo wa 2019, juu 2011 uchaguzi wa provensi haikufanyika. Manda moya, miaka 12 na kitu! Na kati kati, 2015, Katanga ikakatwa mara ine, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, kila depite akafuata fasi alichaguliwa. Mutu akijivuna "nina uzoefu ya miaka 12", muulize alipigiwa kura mara ngapi.

Kama unataka kujifunza mbele ya kuanza na wako, jaribu na mutu mwenye safari yake iko mu historia, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, aliyekufa 2021. Andika kwa mustari: 1980, moya kati ya wabunge 13 wa barua ya kumulaumu Rais Mobutu. 1982, kati ya waanzilishi wa UDPS, parti ya upinzani. 1991 mpaka 1995, gavana, na mu wakati huo, 1992 na 1993, bandugu zetu wa Kasai balifukuzwa huku, gari la moshi likijaa batu na magodoro. Tangu 2007, mukubwa wa Asamble ya provensi ya Katanga. 2015, anatoka upande wa Rais Joseph Kabila na kuingia G7, mukusanyo wa maparti 7 yenye yalimuacha Kabila. Utakuta batu benye banataka uandike paka mistari ya kwanza, na bengine paka ule wa kati kati. Andika yote, mu mupangilio wa miaka, na kalamu ya rangi moya.

Ya mwisho, usifiche kaye. Mwaka jana nilienda ku permanansi (ofisi) ya depite mumoja, simutaje, nikangojea saa mbili juu ya banki pamoja na bamama benye baliomba musaada wa kilio. Nilimuonyesha ukurasa yake. Akavaa miwani, akasoma kuanzia juu mpaka chini bila kusema kitu, akaomba biki yangu, akasahihisha tarehe moya ya 2019 yenye kweli nilikosea. Ile safu ya masiku alikosa plenere aliipita bila kuigusa, akanirudishia kaye na biki, akaita mama wa kwanza ku banki.