Kujenga ari ya ushindani kwa wachezaji chipukizi
Kocha wa vijana mjini Lubumbashi asitegemee hotuba za kabla ya mechi, kwa sababu ari hujengwa mazoezini. Wagawe wachezaji katika timu ndogo za wanne kwa wanne, wacheze vipindi vya dakika nne, hesabu mabao hadharani, na timu itakayoshindwa ikusanye mipira, kwani adhabu ya kukimbia huwafanya vijana wachukie mbio zenyewe. Badilisha timu kila wiki ili walio dhaifu nao waonje ushindi. Simulizi za TP Mazembe, klabu ya soka ya mji huo iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, zinafaa, ila mara chache. Baada ya kipigo, waulize kwanza walijaribu nini uwanjani, ndipo mzungumzie matokeo.